Jina la Kupewa

Doris, binti wa wakulima wa Endagikot, aliwafundisha watu kuandika makala za kamusi elezo ya mtandaoni pale Mbulu mjini, naye hakuwa na subira hata chembe. "Chanzo?" alikuwa akiuliza, kidole kiko tayari kufuta sentensi.

Siku hiyo Gidamis, mfugaji kutoka Balangdalalu, alikuwa ameandika habari za watu wake, Wadatoga.

"Kitabu ulichotaja kinasema Wamang'ati," Doris alimkaripia. "Usikisemee chanzo jambo kisilolisema."

"Hilo si jina letu, dada. Tulipewa na waliopigana nasi. Maana yake adui."

"Chanzo?"

Gidamis akamsogezea kitabu. Doris akakifungua mwenyewe ili amalize ubishi. Chini ya ukurasa ule ule, kwa herufi ndogo, mwandishi alikuwa ameeleza hivyo hivyo: adui. Doris akaliacha jina "Wadatoga" kama lilivyo, akaongeza namba ya ukurasa.

Jioni alimkuta mama yake akihangaika na mjukuu aliyekataa kulala.

"Nyamaza, Mang'ati wanakuja!"

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyomlaza Doris utotoni.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa bado mlangoni. Kisha, kwa sauti ya darasani: "Chanzo?"