Upana wa Tundu

Vazi la tatu la anga nililoshona lilirudi kutoka jeshini California na neno moja tu: "Pana." Nilikaribia kulitupa mtoni, hata kama mto ulikuwa umeganda barafu.

"Pana wapi?" nilimuuliza Kapteni Tuttle, ofisa wa kulinda siri tuliyeletewa na jeshi kiwandani kwetu Connecticut. "Mabegani? Kiunoni?"

"Siwezi kusema."

"Basi nitajie upana wa lile tundu. Lile atakalopenya rubani akitoka kwenye chombo cha anga kuingia kituoni huko juu."

"Siri, bwana Gaboury. Huna kibali."

"Nashona vazi la kupita tunduni, halafu nakatazwa kulijua tundu! Hata fundi wa majeneza hupewa kipimo."

"Wewe punguza tu," akasema, akachovya donati kwenye kahawa yangu. Kahawa yangu! Mtu yule alinichosha roho.

Nipunguze nini? Vazi la anga likijazwa hewa huvimba na kukakamaa, hata kukunja kiwiko ni kazi. Mtu akinasa katikati ya tundu huko juu, hakuna wa kumvuta, na hewa aliyobeba haimngoji. Nilisema hivyo kila kikao, nikaambiwa nina maneno mengi.

Siku ya majaribio alikuja mwenyewe wa kulivaa, Meja Sorensen, mtu mpole, baba wa mapacha. Nilikuwa nimekata duara la mbao lenye tundu katikati, kipimo kwa kubahatisha, nikalisimamisha ukumbini. Tukamvika, tukajaza hewa, akaanza kupenya. Kichwa, mkono, bega moja. Akanasa. Akajisukuma, akajivuta, wapi! Kioo cha kofia kikaingia ukungu.

"Toeni hewa!" nilipiga kelele.

Vazi lilipolegea tulimchomoa, nikamvua kofia. Uso ulikuwa mwekundu, midomo inamtetemeka.

"Meja, tundu la kule ni kubwa kuliko hili?"

"Usijibu!" Tuttle akafoka.

Meja hakumtazama hata kidogo. "Ni dogo kuliko hili, kwa vidole vinne hivi."

Tuttle akalinyakua duara langu, akaligonga muhuri wa siri, duara nililolikata kwa mikono yangu mwenyewe, akalibana kwapani.

"Gaboury, sahau ulichosikia. Hiyo ni amri."

"Fundi," Meja akasema, akiushika mkono wa shati langu, "nakuomba, usisahau."