Sekunde Kumi na Moja

Katika kampuni ile ndogo ya programu za hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Kiranja, jina lililomganda tangu shule ya bweni, naye hakulionea haya. Kazi yake ilikuwa kurekodi skrini ya kompyuta huku akieleza kila hatua kwa sauti, ili mnunuzi aione programu ikifanya kazi kabla hajaigusa. Sharti lake lilikuwa moja: video huenda moja kwa moja, haikatwi.

Asubuhi hiyo yeye na mwenzake walikuwa njiani kwenda hospitali moja kuionyesha programu yao ya mafaili ya wagonjwa. Hospitali ikiikataa, kampuni ingeizika, na miaka miwili ya jasho lake ingezikwa nayo. Mhariri wa video, dada mcheshi aliyeitwa Mkasi, alimwonyesha simu yake.

"Kaka, nimekusaidia. Pale faili linapotafutwa, nimezitoa zile sekunde kumi na moja. Nani atakodolea macho kiduara kinachozunguka?"

"Muuguzi. Kila siku."

"Wenzetu wote wanakata!"

"Njia ya mwongo ni fupi, dada. Rudisha."

"Basi tukipigwa chini, nitasema ni wewe."

"Sema, na unitaje wa kwanza."

Katika chumba cha mikutano, muuguzi mkuu aliketi mbele, mikono kifuani, na daktari mmoja kando yake. Video ikaenda vizuri hadi kiduara kilipoanza kuzunguka.

"Imesinzia?" daktari akauliza. Mkasi akainamisha uso. Kiranja hakutikisa hata ukope, kwani sauti yake mwenyewe ilikuwa ikisema kutoka kwenye spika: "Sasa subiri. Usibonyeze tena. Ukibonyeza mara ya pili, utamfungulia mgonjwa huyo huyo faili jingine jipya."

Muuguzi mkuu akashusha mikono.

"Simamisha hapo. Faili jingine?"

"Ndiyo, mama. Programu nyingi huwa hivyo. Yetu tunairekebisha, lakini leo bado iko hivyo."

Muuguzi mkuu akamgeukia daktari. "Unasikia? Ile programu tuliyoitupa ilikuwa na mgonjwa mmoja mwenye mafaili manne, dawa zake zimetawanyika humo kama kuku wasio na banda. Tukawafokea wauguzi mwaka mzima. Video ya wale mabwana waliotuuzia ilifungua faili kufumba na kufumbua. Wasichana wangu wakiona kimya, wanabonyeza."

"Wangejuaje?" daktari akasema, safari hii bila mzaha.

"Nataka kuiona kwenye kompyuta yetu ya wodini," muuguzi mkuu akamwambia Kiranja.

Wakashuka wodini. Kiranja akaandika namba ya faili la majaribio, akabonyeza mara moja, akaweka mikono mgongoni. Mkasi alihesabu kwa midomo bila sauti. Faili likafunguka.

"Kumi na nne," Kiranja akasema kabla ya mtu mwingine yeyote. "Video yangu imeonyesha kumi na moja. Kwa mashine hii, video yangu si sahihi."

Muuguzi mkuu akaitikia kwa kichwa.

"Tunaichukua," akasema. "Jumatatu kila wodi ianze kwa kuitazama hiyo video."

"Si hii, mama. Tutarekodi nyingine hapa hapa, kwa mashine yenu, na kumi na nne zake."

Mkasi alikwisha kutoa kipaza sauti mkobani. "Kaka," akanong'ona, "kaa sawa, naanza. Na ukikosea, sikati."