Foleni ya Nyumba za Majirani

Asubuhi moja, zama za chama kimoja, mtaa wetu wa kambi ya wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi uliugua malaria mtaa mzima. Nyumba kumi na nne, na katika kila nyumba watu wanaugulia chini ya mablanketi, jua la saa nne likiwaka nje. Tulikuwa tumeamriwa twende uwanjani tukamchezee na kumwimbia mgeni wa serikali, na aliyetufundisha kuugua alikuwa jirani yangu Simone. Loo, mwanamke yule! Alilia "mama weee" kwa uchungu hata mjumbe wa chama aliyekuja kututoa nje akampa pole na kuondoka zake. Alipokata kona tulicheka mpaka mbavu zikauma, na jioni tukala bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo katika sinia moja.

Napenda kuikumbuka siku ile. Mimi ni mwoga tangu utoto, lakini nilimsikia Simone akiugulia upande wa pili wa ukuta, nikapata moyo wa kuugulia zaidi yake.

Miaka ikapita. Migodi ikadorora, mishahara ikawa hadithi, na kufikia mwaka 1993 wakubwa walikuwa wamewapata wa kuwatwika lawama: watu wenye asili ya Kasai. Warudi kwao, wakasema. Kwao wapi? Simone alizaliwa hapahapa, kama mimi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Kisha likatoka tangazo kwamba wenyeji wa Katanga, jimbo letu, wakajiandikishe ofisini, wagawiwe nyumba zitakazoachwa.

Tukakutana kwa Tata Nkulu, fundi wa mitambo, sisi wenyeji wote wa mtaa.

"Hakuna mutu wa huu mutaa atajiandikisha," akasema. "Bakikuta daftari tupu, batafanya nini?"

Tuliapa. Mimi niliapa kwa sauti kuliko wote. Mdomo wangu haujawahi kuona haya.

Siku ya tatu wasiwasi ukanianza. Na wengine wakijiandikisha je? Nyumba ya Simone ilikuwa na vyumba vitatu, nami mjane nililala na wanangu watano katika chumba kimoja. Nikajiambia naenda kuangalia tu kama wenzangu wametimiza ahadi. Nilipofika ofisini nikakuta foleni imezunguka jengo, na mbele yangu, kofia ameishusha mpaka puani, amesimama Tata Nkulu.

"Tata, na weye?"

"Mi nilikuya kuangalia tu," akajibu, macho kwenye viatu vyake. "Na weye, Mama Fidélie?"

"Kuangalia tu."

Nikageuka, nikawaona wengine wa mtaa wetu wakija kujipanga nyuma yangu. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake atoke kwanza ili naye atoke. Ningeweza kutoka mimi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimechoka kujidanganya: hakuna aliyenifunga miguu. Karani aliponiuliza namba ya nyumba, nikaitaja ya Simone pasi na kigugumizi.

Siku ya treni ya kuwapeleka Kasai nikaenda kwake na karatasi yangu ya kugawiwa nyumba, yenye muhuri. Mumewe, Mulumba, alikuwa ametangulia stesheni na watoto kushika nafasi. Mizigo ya mwisho ilikuwa imefungwa barazani. Nilitaka Simone anitukane. Majibu nilikuwa nayo, nimeyapanga njia nzima. Aliisoma ile karatasi mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mulango wa nyuma unakazaka," akasema. "Unaunyanyua kwanza, njo unasukuma. Na mvua ikinyesha, weka ndoo chini ya dirisha la batoto."

"Simone, mi sikupenda... Niliona afazali mimi kuliko mutu mwingine."

Alichukua ufagio.

"Ngoja kwanza. Mi siwezi kuachia mutu nyumba ya buchafu. Kaa pale inje, nitakuita."

Nikatoka, nikakaa juu ya furushi lao moja, kisha nikaona aibu nikasimama. Nilimsikia akifagia chumba baada ya chumba, mpaka pembeni, bila haraka, ilhali treni ilikuwa inamngoja. Nilitamani kukimbia, na nilitamani pia amalize upesi.

Mwishowe akatokea mlangoni, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasogea kando kunipisha.

"Karibu," akasema.