Chupa Iliyooshwa

Kisima cha pampu kilichokuwa nyuma ya kanisa pale Kayole kilikuwa na sharti moja kutoka serikalini: kila mwezi chupa ya maji ipelekwe maabara mjini, na jibu libandikwe kwenye mlango wa pampu, kila mtu alisome. Mukai ndiye aliyekipigania kisima hicho mpaka kikachimbwa, na ndiye aliyepeleka chupa mpaka alipoaga dunia mwaka wa tisini na nne. Majibu yake yote yalisema maji yanafaa kunywewa. Mtaa mzima uliiamini karatasi hiyo kuliko ulivyomwamini daktari.

Mukai alikuwa mtu wa usafi, ule usafi wa kuchosha wenzake. Kwake, kikombe kuoshwa kwa sabuni hakukutosha. Kilimaliziwa kwa Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, na kuachwa kinuke, ili mgeni ajue ameheshimiwa. Chupa ya maabara nayo aliitendea hivyohivyo. "Hatupelekei watu uchafu wetu," alimwambia Kamene, mke wa mwanawe, huku akiisukutua. Alipozikwa, Kamene akairithi kazi pamoja na Jik yake.

Mara ya kwanza kupeleka chupa alimkuta Norah, dada aliyeletwa pale maabara baada ya mzee wa zamani kustaafu. Norah alifungua kizibo, akanusa, akamtazama.

"Mama, nani ameosha hii chupa?"

"Ni mimi. Na Jik. Huwa tunaosha."

"Chupa hutoka hapa ikiwa tayari. Jik ikibaki ndani inaua kila kitu kabla sijapima. Hapo nakuwa nimepima usafi wenu, si maji." Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Kamene. "Mnaosha tangu lini?"

Kamene alimkumbuka Jecinta.

Jecinta alikuwa binti wa Wanja, muuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Taifodi ilimuua binti huyo wakati Mukai akiwa bado hai, na watu walipoanza kunong'ona kuhusu maji, Mukai mwenyewe alisimama kwenye mlango wa pampu akawasomea karatasi. Maji yalikuwa yanafaa. Basi lawama ikabaki kwa githeri ya Wanja. Hakuna aliyemfukuza, waliacha tu kununua, na wakawa wanavuta watoto wao wanapopita mlangoni kwake. Siku hizi Wanja alikuwa akienda mtaa wa Fedha kufulia watu nguo, na taifodi ilikuwa bado inawaangusha watu Kayole.

Kamene alirudi na chupa mpya, akamweleza mwenyekiti wa kisima, Thuo. Thuo alikuwa fundi wa viatu, mtu mwema, lakini woga ulikuwa mwingi kuliko wema.

"Mama Muoki, hiyo ngoma uliyoianzisha tutaicheza na nani? Kisima kikifungwa tutakunywa nini? Na Mama yetu, Mungu amlaze pema, unataka watu waseme nini juu yake? Wewe osha tu vile alikuwa anaosha."

Kamene aliiweka chupa kabatini ikiwa imefungwa. Asubuhi aliikuta imelowa ndani na inanuka Jik. Alimuuliza mumewe, akamuuliza na mwanawe Muoki, wote walimshangaa. Alirudi mjini kuomba nyingine, akaifungia sandukuni na ufunguo akalala nao. Ilipokucha nayo ilikuwa imeoshwa. Ndipo alipoacha kuuliza, kwa maana nyumbani mwao alikuwepo mtu mmoja tu aliyeosha vitu bila kuombwa, na mtu huyo walikuwa wamemzika Machakos.

Aliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya kuogopa aliona aibu, kama mkwe anayekamatwa akimteta mama mkwe jikoni. Mwanamke huyo alimpokea kama bintiye, akamlea Muoki, akapigia magoti kila ofisi ili mtaa upate maji. Sasa yeye ndiye aende kumvua nguo kaburini?

Siku aliyochukua chupa ya tatu hakuipeleka nyumbani hata kidogo. Aliifungia ndani ya leso kiunoni na kutoka stejini, alikoshuka kwenye basi, akaenda moja kwa moja kisimani, jua likiwa bado kali. Hapakuwa na foleni. Mukai alikuwa amesimama kando ya mfereji wa pampu na kitambaa chake cha kanisani kichwani, mkono ameunyoosha.

"Nipe nioshe," alisema.

Sauti ilikuwa ileile, ya mtu anayetaka kusaidia. Kamene alilia akiwa amesimama. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Hii sikupi." Alifungua mfereji, akaijaza, akakaza kizibo. Mkono wa Mukai ulibaki umenyooshwa mpaka Kamene alipoondoka.

Jibu lilitoka juma lililofuata. Maji yalikuwa na uchafu wa choo. Thuo alilisoma mara mbili, akaketi kwenye ndoo, halafu bila kubishana akaenda mwenyewe kukaza mnyororo kwenye mfereji. Watu walikusanyika. Wengine waliguna, wengine wakamlaani Kamene kwamba ameua kisima. Wanja alisimama nyuma yao wote na kapu la nguo za watu. Aliitazama karatasi mlangoni, akamtazama Kamene, akaenda zake.

Kamene alipofika nyumbani alimkuta Mukai ameketi jikoni kwenye kigoda chake. Hakuwa na hasira. Alionekana kuchoka, na kwa mara ya kwanza Kamene alielewa kwamba mama huyu hakuja kumzuia. Alikuwa hajui. Alikufa akiamini, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Chupa ilikuwa chafu?" Mukai aliuliza.

"Haikuwa chupa, Mwaitu. Ni maji."

Mukai alitazama mikono yake.

"Yaliua nani?"

Kamene alitamani kusema hakuna. Alimpenda, na uongo ule ungekuwa mwepesi, na baada yake labda wote wawili wangepumzika. Alivuta kigoda kingine, akaketi karibu naye, akaanza na Jecinta wa Wanja.