Ndege Mbili Zilizotusalimia Bondeni

Usiku wa jana nililala mapema, na kabla hata sijageukia upande wa pili nikaota nimeshapaa. Nilikuwa rubani, kama nilivyo, na kando yangu alikaa Daktari Kiwelu wa meno, kama ilivyopangwa akae asubuhi. Mpaka hapo hapakuwa na la kushangaza.

Nieleze kwanza yaliyokuwa ya kweli. Jina langu Sekela Mwambene. Ninaendesha ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, iliyotengenezwa miaka kumi na mmoja kabla sijazaliwa. Leo nilitakiwa kumpeleka daktari Igandilo, ambako watu walikuwa wanamngoja tangu Jumatatu na mashavu yamewavimba. Kati yetu na Igandilo kuna uwanja wa ndege za jeshi, na kutoka uwanjani hapo, kufuata bonde, kuna njia yao ya mafunzo. Hupita chini chini, kwa kasi ambayo ukisikia mlio, mwenyewe ameshaondoka.

Utaratibu ni kupiga simu kabla, uulize kama njia inatumika. Simu hupokewa na Sajenti Bhoke, mama mwenye maswali mengi, na mara nyingi jibu lake ni moja: zunguka kusini mwa mto. Kuzunguka ni dakika ishirini zaidi. Jana jioni niliamua kutompigia. Nilijiambia anga ni kubwa, hatuwezi kukosa pa kupishana.

Katika ndoto anga haikuwa kubwa. Ilikuwa na upana wa sebule yangu.

Nilipita kwa ubavu kati ya kabati la vyombo na wingu. Bawa la kushoto likagusa pazia. Daktari Kiwelu akakunja miguu ili asiangushe meza ya kahawa, ambayo nayo ilikuwa inaelea.

"Kapteni," akasema, "ulisema ni kubwa."

"Nilidhani," nikajibu.

"Ulipima?"

Sikuwa nimepima. Kutoka kwenye pua ya ndege taa ikakohoa. Ni ile taa kubwa ya kutua, ambayo mwalimu wangu alinifundisha niwashe mchana kweupe nikiwa karibu na viwanja vyenye shughuli, ili wengine watuone.

"Mara ya mwisho umeniwasha lini?" ikauliza.

"Siku ya ukaguzi."

"Na aliyeniona siku ile ni nani?"

"Mkaguzi."

"Yeye alikuwa amesimama chini na kalamu mkononi," taa ikasema. "Hakuwa na mpango wa kutugonga." Halafu ikajiwasha yenyewe, kwa kununa.

Kwa mwanga wake nikaona doa kwenye kioo cha mbele. Doa dogo, kama punje ya ufuta. Nikachukua kitambaa nikalifuta. Halikutoka.

"Usinifute," doa likasema. "Mimi ni ndege."

Ninalitazama. Daktari analitazama. Doa halisogei juu, halisogei chini, haliendi kulia wala kushoto. Limekaa palepale, na sasa ni kubwa kama choroko.

"Mbona husogei?" ninauliza.

"Nikisogea kwenye kioo chako, maana yake tunapishana," linasema. "Nisiposogea, tunakutana. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Mwalimu alilisema darasani mara tatu na mara zote nilikuwa naandika kitu kingine.

Doa ni harage. Doa ni limau. Daktari Kiwelu anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, na limau limekuwa fenesi lenye mabawa.

"Sasa tunafanyaje?" ninaliuliza.

"Kila mtu anakwenda kulia kwake," fenesi linasema. "Ila uamue upesi, mimi naja kwa kasi na sina tabia ya kungoja."

Nikalaza usukani kulia. Kabati likapita, wingu likapita, na ukuta wa sebule ukasogea kando kwa adabu kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Ndege ya kivita ikapita ubavuni mwetu, ya kijivu, yenye pua ndefu. Ilipokuwa sambamba nasi iliinamisha bawa.

"Shikamoo," ikamwambia ndege yangu.

Ilikuwa haki yake kuamkiwa. Yangu ni ya mwaka sabini na moja. Ndege yangu ikajikohoza, ikavuta pumzi, ikakusanya sauti kwa taratibu za umri wake. "Marahaba," ikasema.

Lakini kufikia hapo yule kijana alikuwa ameshavuka wilaya mbili.

"Hakusikia," ndege yangu ikalalamika. "Watoto wa siku hizi wanaamkia huku wanakimbia."

Nikashusha pumzi. Daktari naye akashusha yake. Tukatazamana kama watu waliopona, nami nikaanza kuurudisha usukani kushoto, kwenye njia yangu ya mkato.

"Samahani," sauti ikasema dirishani.

Ilikuwa ndege nyingine, ya kijivu vilevile, karibu kiasi kwamba niliweza kuhesabu misumari ya ubavu wake.

"Nimekuja kuchukua marahaba ya mwenzangu," ikasema. "Ameisahau."

"Ninyi mko wawili?"

"Hatutembei mmoja mmoja. Ukimwona mmoja, tafuta wa pili, halafu tafuta wa tatu kwa usalama wako." Ikapokea marahaba kwa bawa, ikaibana vizuri isidondoke, ikaondoka. Upepo wake ulitupindua nusu, tukarudi wenyewe.

Nilifumba macho kwa hofu. Nilipoyafumbua nilikuwa nimelala chali kwenye kiti cha kung'olea meno, usukani bado uko mikononi mwangu, na Daktari Kiwelu ameniinamia kwa taa ya pua ya ndege.

"Fungua mdomo," akasema. "Kuna jambo hujalisema. Naliona kutoka hapa."

"Sina jambo."

"Liko nyuma kabisa, upande wa kulia. Limeanza kuoza."

Akaingiza koleo, akavuta mara moja. Haikuuma. Akatoa gego zuri, jeupe, akalitazama kwa heshima, kisha akaliweka kwenye kiti cha nyuma. Gego likajifunga mkanda bila kuambiwa.

"Mwambie," gego likaniambia.

"Nimwambie nini?"

"Ya mwezi wa tatu."

Nilitaka kubisha, lakini ni vigumu kubishana na jino lako mwenyewe. Basi nikasema. Nikasema kwamba mwezi wa tatu nilipita bonde lile bila kupiga simu, nikiwa na abiria watatu na mtoto wa mmoja wao mapajani. Kivuli kikapita juu ya bawa, ndege ikatikisika, chai ya mtu ikamwagika. Sikumwambia yeyote. Nilipotua niliandika kwenye kitabu cha safari kwamba safari ilikuwa nzuri. Kila nilipokumbuka nilijiambia yule alikuwa tai.

Daktari Kiwelu hakunikemea. Aliweka koleo chini polepole.

"Yule mtoto alikuwa na umri gani?" akauliza.

"Miezi minane."

Taa ilipunguza mwanga. Hapo ndipo nilipoona aibu, aibu ya kweli, ile ambayo kwa miezi yote nikiwa macho sikuwahi kuiona.

Tulipokuwa tumekaa hivyo, zahanati ikaisha na bonde likaanza. Njia ya mafunzo ilikuwa chini yetu, barabara ya lami kabisa iliyotandazwa hewani kwenye kimo cha futi mia tano, ina mistari myeupe katikati na pundamilia ya kuvukia. Kando ya pundamilia palikuwa na meza ya mbao, na nyuma ya meza alikaa Sajenti Bhoke na daftari kubwa. Sijawahi kumwona kwa macho, lakini sauti ilikuwa yake.

"Simama hapo," akasema.

Ndege haisimami hewani. Ilisimama.

"Unatoka wapi, unakwenda wapi, kimo gani, saa ngapi?"

Nikajibu yote. Hakuinua uso, aliandika tu.

"Umewahi kupita hapa bila taarifa?"

"Mara moja, Afande. Mwezi wa tatu. Nilipishana na tai."

"Tai huyo alikuwa na injini ngapi?"

Nyuma yangu gego likagonga mkanda wake.

"Mbili, Afande," nikasema.

"Na wa pili wake je?"

"Wa pili sikumtafuta."

Akaandika hilo pia, akageuza daftari nitie sahihi. Wakati naitia, akanyoosha shingo achungulie ndani ya ndege, akahesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikitembea kimyakimya. Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, jua limeshaingia chumbani. Jambo la kwanza nilipitisha ulimi kinywani. Meno yote yalikuwepo. La pili, kabla ya kunawa uso, nilipiga simu uwanja wa jeshi.

"Sajenti Bhoke," sauti ikaitika.

"Afande, ni Sekela Mwambene, rubani. Naomba kuuliza njia ya bondeni asubuhi hii. Na nina taarifa ya kuchelewa, ya mwezi wa tatu. Nitaiandika, lakini nataka uisikie kwangu kwanza."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Mwisho akasema niilete kwa maandishi, na kwamba rubani wao wa siku ile amekuwa akiuliza kila wiki ni nani aliyekuwa kwenye ile ndege ndogo nyeupe, na kama walifika.

"Walifika," nikasema. "Mwambie walifika."

"Nitamwambia. Leo bonde linatumika. Saa tatu na robo nina mbili zinapita chini."

Saa tatu na robo ningekuwa katikati ya bonde, na daktari kando yangu.

"Nitazunguka kusini mwa mto," nikasema.

"Vizuri. Ngoja nikuandike." Nilisikia kurasa zikifunguliwa, kisha zikirudishwa nyuma. "Kapteni, ulishapiga kabla?"

"Hapana, Afande."

"Umeshaandikwa. Mwandiko ni wangu, na mimi nimeingia zamu sasa hivi." Akasoma polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Mwambene. Igandilo. Kusini mwa mto. Watu wawili na jino." Akagonga ukurasa kwa kalamu. "Hili jino ni mzigo au ni abiria?"

Nilifikiri kidogo. Anastahili jibu la kweli mtu huyu.

"Abiria, Afande."

"Sawa," akasema Sajenti Bhoke, na nikasikia kalamu ikiandika. "Basi lifunge mkanda."