Ua Lisilo na Unga

Ua la kumi na nne lilikuwa kama la kumi na tatu. Fundi Saa alilibana kwa kibano, likamponyoka, akaliokota, akaegemeza kiwiko mezani ndipo likatulia. Akalisogeza karibu na kioo cha kukuzia alichokuwa amekishikiza kwenye jicho la kulia, akalipasua kwa ncha ya bisibisi ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Ndani mlikuwa na kitu cha kijani kilichovimba kama tumbo la mjusi aliyeshiba, na juu yake vijipembe vitatu vya kunata. Basi. Ule unga wa njano unaobaki kidoleni ukigusa ua lolote lenye adabu haukuwepo hata chembe.

"Umeona nini?" aliuliza binti yake kutoka barazani, alikokuwa akipiga pasi.

"Nimeona kile ambacho hakipo," alijibu.

Uani kwake kulikuwa na mimea arobaini na ushei, yote ndugu wa nanasi, lakini ndugu wa aina ile isiyojali jamaa: haizai cha kuliwa, inapenda mchanga mkavu na jua la kuchoma, na majani yake yana miiba iliyopinda kama makucha, inayoingia kwa ukarimu na kutoka kwa ugomvi. Alianza na mmoja, zawadi ya baharia aliyeshindwa kulipia saa yake. Mingine aliikusanya popote alipoikuta, nyuma ya hoteli iliyofungwa, kwenye kifusi, hata kwenye pipa la taka. Binti yake alisema watu wengine hufuga mbwa wakali, baba yake anafuga majani.

Ule wa kwanza ndio aliokuwa akiuchungulia sasa. Majani yake yalikuwa meupe kama yamepakwa poda, kwa hiyo aliuita Bibi Harusi. Katika miaka kumi na mmoja ulikuwa umechanua mara saba. Nyuki walikuja, wakanywa, wakaenda zao, na maua yakapukutika bila kuacha mbegu hata moja. Fundi alishajaribu majivu. Alishauhamisha kutoka ukuta wa mashariki hadi wa magharibi. Mtu anayefungua saa iliyosimama hujua kwamba sababu imo humo humo ndani, ni kuitafuta tu, na kwa mmea huu kutoijua sababu kulikuwa kukimla kama kokoto kwenye kiatu.

"Labda ni kama mpapai wa jirani," binti alisema, akigeuza shati. "Kila mwaka maua, papai hatulioni. Si alikuja kuambiwa ni dume?"

Fundi alitoa kioo jichoni. Akaitazama ile pasi kama vile ndiyo iliyosema.

"Huu si dume," alisema hatimaye. "Huu ni jike. Unga hauna kwa sababu unga ni wa mwenzake."

Tangu hapo hakutulia. Bua la maua lilikuwa limeshachanua nusu. Yalibaki maua ya juu, ya siku kumi hivi. Uani kwake hapakuwa na mwingine wa aina yake, basi alizunguka mtaa mzima kutafuta dume kwenye mimea ya watu, na kila mlango aliobisha alijibiwa vilevile: "Si wewe mwenyewe uliyetupa, fundi?" Kweli. Kila chipukizi alilowahi kugawa lilitoka ubavuni mwa Bibi Harusi, na chipukizi ni mama yake yule yule kwa umbo dogo. Bila kujua alikuwa ameujaza mtaa majike matupu.

Siku ya sita alikwenda kununua ubao wa kutengenezea rafu. Uwanja wa mbao ulikuwa nyuma ya kituo cha mizigo, mahali ambapo hakuwa amefika kwa miaka. Alikuwa bado hajauliza bei alipoona, chini ya uzio wa nyuma, safu nzima ya majani meupe yenye makucha. Katikati yake yalisimama mabua matatu ya maua, manene na yaliyosongamana kuliko aliyoyazoea. Akasahau ubao. Akapiga magoti kwenye vumbi la randa, akatoa kioo mfukoni, akakibandika jichoni.

Unga. Kila ua lilikuwa limejaa unga wa njano, na ndani yake hamna tumbo la kijani.

"Unatafuta nini kwenye uzio wangu?"

Mwanamke aliyesimama nyuma yake alikuwa mpana wa mabega, kalamu ya risasi sikioni, mikono imepauka kwa vumbi la mbao. Mji mzima ulimwita Mama Mbao. Fundi alinyanyuka, akasalimu, akajieleza, na kadiri alivyojieleza ndivyo maelezo yalivyozidi kusikika kama ya mwizi. Mtu mzima, na mvi zake, anaomba unga wa maua? Wezi wawili walishanasa kwenye miiba ile, Mama Mbao alimwambia, na wote wawili walikuwa na hadithi nzuri kuliko hiyo.

Hata hivyo hakumfukuza. Alimweleza kwamba miiba hiyo aliikuta alipoununua uwanja, na kwamba Jumamosi vibarua wangeing'oa yote na kuichoma, kwa sababu mchukuzi wake alichanika mguu hadi akashonwa, na ukuta wa matofali ulikuwa unakuja. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Kwa hiyo huyu ndiye bwana harusi," alisema, akiinama kulitazama bua ambalo kwa miaka tisa alikuwa akilipita kila asubuhi. "Na bibi yuko wapi?"

"Uani kwangu. Amesubiri miaka kumi na mmoja."

Mama Mbao alicheka kwa pua. Akakata bua moja kwa msumeno, akalitumbukiza kwenye chupa ya maji, akamwambia msaidizi wake aangalie uwanja. Alitaka kuiona harusi hiyo kwa macho yake.

Walikwenda kwa gari la kubebea mbao, fundi akiipakata chupa kama mtoto mchanga. Uani, Mama Mbao alizunguka polepole kati ya vyungu akiwa ameishika sketi yake karibu, akauliza hiki kinakula nini, kile mbona kinageuka chekundu, hivi vyote havijambo bila mvua? Fundi alijibu kila swali kwa furaha ambayo binti yake, aliyeegemea mlango, hakuwa ameiona kwa miezi mingi.

Kisha alichukua brashi nyembamba, ile ya kufutia vumbi kwenye mashine za saa. Akaigusisha ua la dume mpaka ncha ikawa njano, akaisogeza kuelekea ua la jike, dogo kama punje ya mchele. Mkono ukatetemeka. Unga ukamwagika juu ya majani. Akajaribu tena, ameshika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Brashi ilicheza juu ya ua kama nzi asiyejua pa kutua, na safari hii ilivunja maua mawili.

"Upepo," alisema.

Mama Mbao alitazama nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Hakuna hata moja iliyotikisika.

"Hakuna upepo, fundi," alisema kwa sauti ya chini.

Binti alisogea kutoka mlangoni. Sasa alielewa kwa nini tangu mwanzo wa mwaka baba yake alikuwa akirudisha saa za mkononi za watu, akisema vipuri havipatikani, na kupokea zile za ukutani tu.  Fundi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ilianza kwa kidole kimoja," alisema. "Nikadhani itapita. Mtu akisikia fundi saa anatetemeka, ataleta saa kwake kufanya nini?"

 Binti alimshika bega. Mama Mbao alijifuta mikono kwenye sketi, mikono ile mikubwa yenye sugu, akainyoosha mbele yake akiikagua kama mbao mbili alizotilia shaka.

"Hii imezoea magogo," alisema. "Lakini haitikisiki. Lete hiyo brashi. Wewe niambie wapi."

Basi fundi alimvalisha kioo jichoni, akakaa kwenye kigoda pembeni yake, akamwelekeza. Chovya. Gonga kidogo. Sasa kile kijipembe cha kushoto. Mwanzoni Mama Mbao aliguna na kujichoma, baadaye alisahau kama kuna watu. Alimaliza maua sitini na mawili, damu ikimkauka kwenye vifundo vya vidole.

"Sikujua kuna vitu vidogo namna hii," alisema alipovua kioo.

Jumamosi vibarua waling'oa safu yote isipokuwa mimea miwili, ambayo mwenye uwanja aliisimamia mwenyewe ikichimbuliwa. Mmoja ulikwenda kwa fundi, mwingine alibaki nao yeye kwenye ndoo iliyotoboka. Jumatatu iliyofuata, binti alimpeleka baba yake hospitali. Daktari aliupa mtetemo ule jina na dawa, dawa ikapunguza bila kuondoa, na fundi akawa akiwaambia wateja wake ukweli. Baadhi walihama. Wengine waliendelea kuleta saa za ukutani na kukaa kupiga soga.

Miezi mitatu baadaye vifuko vya mbegu vya Bibi Harusi vilikauka vikapasuka. Mbegu zilikuwa nyembamba, zenye bawa, nyepesi kiasi kwamba walizipanda huku wamebana pumzi. Walizisia kwenye sinia la mchanga uliolowa na kulifunika kwa kioo cha saa kuukuu ya ukutani.

Siku ya kumi Mama Mbao alipita akielekea kazini, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi, na kuwakuta baba na binti wameinamia sinia. Akainama pia. Chini ya kioo kilichojaa matone, mchanga ulikuwa na vitone vya kijani, vingi kuliko walivyoweza kuhesabu.

"Madume ni yapi?" aliuliza.

"Haijulikani," alisema fundi. "Mpaka yachanue. Miaka sita, saba."

Mama Mbao aliitikia kwa kichwa. Akavuta kigoda kwa mguu, akaketi, akafuta kioo taratibu kwa upande wa kiganja ili aone vizuri zaidi.