Blogu ya Tatu Kwenye Orodha

Hasira za yule mama hazikuja kwa hatua. Zilimvamia saa sita na nusu mchana, tonge mdomoni, katika kiwanda cha sare za shule alikokuwa mkata vitambaa. Fundi wa vifungo, ambaye kwa sauti yake walimwita Spika, alikuwa ameegemea meza ya kukatia, simu mkononi, akiwasomea wenzake orodha iliyotoka kwenye gazeti la mtandaoni: blogu saba za kusoma kila wiki.

Ya kwanza ilikuwa ya mapishi, ya pili ya kupanda mboga kwenye makopo.

"Ya tatu, Baba Zamu!" Spika akapaza. "Jamani, nyie mnaosema wanaume wameisha, wamejificha huku. Huyu analea, anafua, na akiandika utalia."

Mkata vitambaa akatabasamu peke yake. Baba Zamu alikuwa mumewe, na pale kiwandani hakuna aliyejua. Alikuwa msomaji wa mita za maji, kazi yake ikiisha mapema, basi zamu ya mchana ya kukaa na binti yao ilikuwa yake. Ndipo jina la blogu lilipotoka. Kulea alilea kweli. Kufua alikuwa hafui, ila hilo mkewe alishamsamehe, maana mwandishi naye aachiwe chumvi kidogo.

"Hii ya jana ndiyo imeua watu. Sikilizeni: 'Nyumbani kwetu hatusemi kukojoa kitandani. Tunasema mvua imenyesha. Binti yangu ana miaka tisa, na wiki hii mvua imenyesha mara tatu.'"

Wakacheka, tena kicheko cha upendo tu, cha watu wenye watoto. Mkata vitambaa tonge likamkwama.

Neno lile alilitunga yeye. Mtoto alikuwa na miaka mitano, amejificha nyuma ya mlango na shuka lake, analia hadi kwikwi, na mama akamwambia, "Nani kasema umekojoa? Mvua imenyesha, tuanike." Tangu siku hiyo likawa neno la watu watatu. Hata bibi yake hakuwahi kulisikia.

Akachukua simu yake, akafungua kundi la wazazi wa darasa la binti yake. Loh! Mume alikuwa ameweka blogu yake humo jana jioni, kwa mkono wake mwenyewe: "Wazazi wenzangu, tumeingia kwenye orodha! Someni, msambaze." Mama mmoja alikuwa amejibu, "Poleni na mafuriko." Na mumewe, mwanaume mzima mwenye ndevu, akamjibu kwa kicheko!

Akamwendea msimamizi na kumwambia ana dharura.

"Kuna mgonjwa?"

"Bado. Ila leo kuna mtu ataumia."

Shuleni alimkuta binti ameketi peke yake kwenye baraza ya darasa, sweta amelifunga kiunoni juani. Alikuwa mkavu kabisa. Tangu asubuhi wenzake walikuwa wakimuuliza kama amebeba mwavuli, na mmoja alipangusa kiti chake kabla hajakaa, darasa zima likiangalia.

"Mama, nani amewaambia?"

Angeweza kudanganya. Alimtazama usoni akashindwa. "Ni baba."

Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililomchoma mama kuliko kilio. Alisema tu kwamba kesho haji shule, wala keshokutwa, wala tena.

Nyumbani, mume alikuwa mezani na kompyuta yake, uso umemng'aa. "Mke wangu, umeona? Namba tatu!"

Mama akasubiri binti aingie chumbani, kisha akafungulia. "Umemvua mtoto nguo hadharani, halafu unaniuliza nimeona? Unamwaga mtama penye kuku wengi na kuwaita waje wadonoe?"

"Sikutaja jina lake."

"Umeweka kwenye kundi la darasa lake! Kuna mtoto mwingine mle ambaye baba yake ni wewe?"

"Nisikilize kwanza. Kuna mama ameniandikia. Mwanawe ana miaka kumi na mmoja, alidhani ni peke yake duniani. Watu wamefarijika. Maandishi ya kweli ndiyo yanayosaidia watu."

"Kweli? Haya. Wewe ulikojoa kitandani hadi darasa la saba. Mama yako aliniambia, na godoro lako lilikuwa likianikwa juu ya paa. Mbona hujaandika hilo? Yule mama si angefarijika zaidi?"

Mume akatazama meza. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Lile," akasema taratibu, "ni la kwangu."

"Ahaa! Ni la kwako."

Mama alikuwa bado na maneno ya kutosha hadi mwaka ujao, ila hilo moja lilitosha. Mume akaivuta kompyuta, akaifuta ile habari, akaifuta na kwenye kundi. Kazi bure, nusu ya wazazi walishaisambaza kama walivyoombwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini alifuta, na mkewe alisimama juu ya kichwa chake hadi akamaliza.

Kisha akaenda kugonga mlango wa binti. Ulipofunguka, akapiga magoti pale kizingitini, wakawa macho kwa macho.

"Nimekosa, mwanangu. Nimekosa sana. Nimeifuta. Niambie baba, leo walikufanyia nini shuleni?"

Mtoto akamwangalia. Huyu ndiye aliyekuwa akimsimulia kila kitu, kila mchana, tangu alipojua kusema: nani kasukumana na nani, jino lipi linatikisika, mwalimu gani kaota chunusi puani. Leo aliuliza kwanza.

"Utaandika?"

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, naye alilingoja jibu kwa roho yake yote. Lilikuwa neno moja tu. Lakini baba alikwama. Kwa sababu njia nzima kutoka mezani hadi pale mlangoni, alikuwa akipanga kichwani sentensi ya kwanza ya kuomba msamaha kwenye blogu, na ilikuwa sentensi nzuri.

"Hapana," akasema mwishowe.

Mtoto alikuwa ameshafunga mlango.